Makosa Saba ya Picha ya Karafuu

Kwenye njia panda ya tatu dereva wa bodaboda alizima pikipiki akakiri kwamba nyumba wanayoitafuta haijui. Nahla akashuka, akakung'uta buibui, akatazama huku na huku. Alizaliwa Mkoani na kukulia Mkoani. Katika miaka yake thelathini na minne alikwisha fika Unguja mara zisizo idadi, Dar es Salaam mara sita na Mombasa mara moja, lakini Chokocho, mwendo wa nusu saa tu kutoka kwao, hakuwahi kuikanyaga. Watu wa bandarini ndivyo walivyo, bandari yoyote ya dunia hii. Nyuso zao zimeelekea boti, na nchi iliyo nyuma ya migongo yao huijua kwa magunia yanayoteremka kutoka huko.

Ulikuwa msimu. Kila penye jua palikuwa na jamvi, na kila jamvi lilikuwa na karafuu, nyingine bado zina wekundu wa juzi, nyingine zimeshageuka kahawia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akizipindua kwa mguu alimtazama Nahla toka viatu hadi shungi, akajibu swali ambalo halijaulizwa.

"Weye ndo wa picha? Nenda moja kwa moja, mlango wa bluu. Wanakungoja."

Wa picha. Nahla alishukuru, akamwomba dereva amsubiri, akaenda na neno hilo likimchoma kama mwiba wa samaki kooni. Kwa miaka sita alikuwa akiandika. Watu walimwita mwandishi, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, na yote mawili aliyazoea. Sasa, kwa siku tisa tu, amekuwa wa picha.

Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo gatini, na wa kwanza kumfundisha kwamba kila kazi ina siri yake: gunia la karafuu hubebwa begani, la mchele mgongoni, na asiyejua tofauti hiyo huijua usiku akilala. Nahla alisoma mpaka kidato cha nne, akaolewa, akaachika, akapata kazi katika duka la Abbas karibu na bandari. Katika duka hilo babu yake Abbas aliuza vitambaa. Abbas mwenyewe anatoa fotokopi, anachapa barua na kupiga plastiki vyeti vya kuzaliwa. Nahla alichapa barua za watu kutwa, na jioni, kwa kompyuta ileile, akaanza kuchapa za kwake. Aliiita blogu yake Kazi na Wenyewe. Aliandika namna makumbi ya nazi yanavyofukiwa ufukweni yakatoka kamba, namna kofia inavyohesabiwa matundu, namna chumvi inavyochemshwa. Wasomaji wake wengi walikuwa Wapemba walio mbali, Maskati, Dubai na Mombasa, watu wanaokumbuka harufu ya kitu na kusahau jina lake.

Tabu ilikuwa picha. Wanawake walimkaribisha, wakamtandikia mkeka, wakamweleza mpaka uji ukapoa. Akitoa simu tu, mlango ulijifunga. "Andika yote niliyokwambia, mwanangu, lakini sura yangu niachie." Naye aliwaachia. Alipiga picha za vyungu, za kamba, za mikeka mitupu, hata msomaji mmoja wa Maskati akamwandikia: "Dada, blogu yako ina vyungu vingi kuliko watu."

Ndipo alipoijua ile programu ya akili mnemba inayochora picha. Unaiandikia unachokitaka, unasubiri kwa muda wa kumeza funda la kahawa, inakuletea. Siku ya kwanza aliandika "mwanamke wa Pemba", ikamletea mwanamke aliyeacha mabega wazi, shanga shingoni, na twiga kwa nyuma. Nahla alicheka peke yake mpaka Abbas akauliza kulikoni. Lakini hakuacha. Alijifunza kuiamrisha: shungi lishuke mpaka kwenye paji, mikono ya nguo ifike vifundoni, macho yasimtazame mtu usoni. Aliyachukulia haya kama amana. Wanawake hawa wamemnyima sura zao. Basi hata huyo wa kuchorwa asiwavunjie stara. Picha ya mchambua karafuu aliirudia mara kumi na moja, kwa sababu kila mara palitokeza unywele sikioni. Ya kumi na mbili ilikuwa safi. Akaiweka, na chini yake akaandika, kama alivyofanya siku zote, kwa herufi ndogo: Picha imechorwa na kompyuta.

Herufi ndogo hazisafiri. Watu waliichukua picha wakairusha kwenye magrupu ya simu, maneno yakabaki nyuma. Ilipofika grupu la Chokocho mtu mmoja aliuliza, huyu si Bi Mwanaasha wa mlango wa bluu? Kufika Ishaa hakuna aliyekuwa akiuliza tena. Wote walijua.

Bi Mwanaasha binti Jaribu alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, na katika umri wote huo alikubali kupigwa picha moja, ya kitambulisho, na hata hiyo inasemekana aligombana na mpigaji. Mtu wa namna hiyo kuonekana kwenye simu za watu, ameinamia karafuu zake, ilikuwa habari. Barazani wakaanza kumtania mwanawe Suhaib kwamba kamtoa mamake hadharani. Suhaib hakuwa mtu wa kutaniwa. Alimpigia Nahla siku ya tatu akamtaka aifute.

Nahla alimjibu kwamba anasikitika kwa usumbufu, lakini hafuti. Akifuta atakuwa amekiri wizi, naye hakuiba.

"Basi njoo umwambie mwenyewe," Suhaib akasema, akakata simu.

Tangu siku hiyo milango ilianza kufungwa. Mwanamke wa Wambaa aliyemwahidi kumweleza habari za kusuka ukili wa mikeka alisema amesafiri. Jioni ileile Nahla akamwona sokoni Mkoani akichagua ndimu. Wa pili hakupokea simu. Wa tatu alipokea, akasema mumewe hataki. Nahla hakuhitaji kupigiwa ramli. Bi Mwanaasha akisema "ni mimi", hakuna mwanamke wa kusini yote atakayemtandikia mkeka tena, na bila ya wao hana blogu, ana fotokopi ya Abbas tu.

Asubuhi ya safari Abbas alimtahadharisha. Suhaib alikuja dukani jana yake, Nahla akiwa benki, kuchapisha karatasi ya kukiri makosa. "Nimemchapia, biashara ni biashara," Abbas akasema. "Lakini jina la baba yako walikuwa wamelikosea. Nimelirekebisha. Ukishtakiwa, ushtakiwe sawasawa."

Nyuma ya mlango wa bluu palikuwa na uwanja mpana uliofagiwa. Katikati, juu ya jamvi, Bi Mwanaasha alikaa na majirani wawili mbele ya lundo la karafuu mbichi zilizochumwa asubuhi. Suhaib alisimama ukutani na karatasi yake mkononi. Nahla alibisha hodi, akatoa salamu, akampa bibi shikamoo yake. Marahaba ilitoka bila kichwa kuinuka. Alipomwona uso upande, alishtuka. Walikuwa na haki waliosema. Paji lilelile, pua ileile, hata lile kunyanzi moja refu linaloshuka shavuni kama mfereji.

Suhaib hakumkaribisha kukaa. Alisoma karatasi kwa sauti ya mtu aliyeirudiarudia njiani: kwamba Nahla anakiri kutumia sura ya Bi Mwanaasha binti Jaribu bila ya idhini yake, kwamba anaifuta, na kwamba hataweka tena katika blogu yake picha ya mwanamke yeyote wa kisiwa hiki, ya kupigwa wala ya kuchorwa. Akamnyooshea kalamu.

Nahla hakuipokea. Alichutama mbele ya jamvi ili macho yake yawe sawa na ya bibi.

"Bi Mwanaasha, mie sijapata kukuona mpaka leo. Niliyemchora hayupo duniani. Kama kafanana nawe, kafanana kwa kudra ya Mungu, si kwa mkono wangu. Ukitaka nikuombe radhi kwa maneno ya watu yaliyokufika, nakuomba hapa hapa. Kwa wizi siombi, na karatasi hiyo sitii saini, wewe uridhike au usiridhike."

Majirani wakaacha kuchambua. Suhaib akafungua kinywa. Bi Mwanaasha akainua mkono mmoja, na kinywa kikafungwa.

"Mie hiyo picha sijaiona," akasema.

Suhaib akaeleza, kwa sauti iliyopungua, kwamba aliona haya kumwonyesha.

"Siku tisa Chokocho nzima wananitazama, mie tu ndo sijajitazama. Ilete."

Alipangusa mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akaishika simu ya Nahla mbali kama mtu anayeshika kaa. Nahla alingoja hukumu ya uso. Lakini macho ya bibi yalipita usoni upesi, kama mtu anayempita jirani njiani, yakashuka kwenye mikono ya yule mwanamke wa picha, yakakaa huko muda mrefu.

"Huyu nani kamfundisha kazi?"

Nahla hakuelewa.

"Karafuu zimechanua hizi. Tazama. Zote maua, kama za arusi." Alichota konzi ya karafuu kutoka lundoni akamfungulia kiganja: vichwa vidogo, vya mviringo, vimefumba kama ngumi za mtoto mchanga. "Karafuu huchumwa ingali imefumba. Ikichanua imekufa, haina mafuta, haina bei, hainuki. Huyu bibi wako kakaa kuchambua maiti." Akaisogeza simu karibu na pua. "Na vidole sita."

Nahla akainama. Picha hiyo alikuwa ameitazama mara mia. Kwenye mkono wa kulia, kando ya kidole cha mwisho, palikuwa na cha mwisho kingine, chembamba, kimelala kimya. Mara kumi na moja aliirudisha picha ile, kwa unywele, kwa shungi, kwa kifundo cha mkono kilichoonekana, na hata mara moja hakuhesabu vidole wala kuangalia vidole vimeshika nini. Na si yeye peke yake. Magrupu yote, mabaraza yote, siku tisa walitazama uso, wapate kujua ni stara ya nani iliyoguswa. Kazi hakuitazama mtu.

"Suhaib," bibi akaita. "Weye nimekuzaa. Mikono hii imekulisha ukawa na ndevu. Umeikodolea picha hii siku tisa ukasema ni mamako. Lini nilikuwa na vidole kumi na moja?"

Jirani mmoja akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakimtikisika.

"Nilitazama uso, mama."

"Uso. Kizee na kizee wana tofauti gani usoni? Makunyanzi ni makunyanzi. Mwambie huyo aliyesema ni mie aje nimwonyeshe nnavyochambua, halafu aseme tena."

Nahla alishusha pumzi. Bibi akaisikia, akamgeukia.

"Nawe usifurahi. Sura hukuiba, hilo nimekutoa hatiani. Lakini karafuu umeisingizia. Watu wa Maskati sasa wanajua siye Wapemba tunaanika maua."

Nahla akafanya analolijua: alikaa ukingoni mwa jamvi, akafungua programu, akaandika upya. Karafuu ziwe zimefumba. Ikaja picha ya maua makubwa zaidi. Akaandika tena, vichwa vidogo, visichanue. Maua yakapungua, mwanamke akabaki na mkono mmoja. Majirani walisogea kutazama, hata Suhaib akanyoosha shingo. Bi Mwanaasha alishika usukani.

"Iambie ziko kama misumari."

Nahla akaiambia. Programu ikamletea bibi mwenye stara kamili, ameinamia jamvi lililojaa misumari ya chuma inayong'aa. Uwanja mzima ukacheka, na Suhaib akacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

"Basi ifute tu yaishe," akasema baada ya kukumbuka.

Nahla akapendekeza kitu kingine, kwa adabu: labda apige picha ya mikono ya bibi tu, mikono na karafuu, uso usionekane kabisa.

"Nimewanyima watu uso miaka sabini, nikupe weye mikono? Hii nayo ni yangu." Bibi alisema bila hasira, kama mtu anayekataa sukari ya pili kwenye chai. Akavua miwani, akafikiri, huku vidole vyake vimeshaanza tena: kishada kinagandamizwa kiganjani, kinazungushwa, karafuu zinamwagika upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, yanaangukia upande ule. "Hufuti kitu. Iache palepale, na vidole vyake sita. Andika chini yake ilichokosea, chote. Na usiandike kwa herufi za sisimizi."

Suhaib alilalamika kwamba watu wataendelea kusema.

"Waseme. Wakishasoma, atakayesema ni mie atakuwa anasema Mwanaasha binti Jaribu hajui kuchambua karafuu. Huyo namjua pa kumpata."

Basi wakaandika. Nahla alichapa kwa vidole gumba, bibi akasema huku akichambua, majirani wakiongeza chumvi. Kwamba karafuu zimechanua. Kwamba vidole ni sita. Kwamba mwanamke anazinyofoa mojamoja kwa ncha za vidole, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Kwa mwendo huo gunia moja atalimaliza Ramadhani ya mwakani. Kwamba amezianika kwenye shuka nyeupe, kivulini, jambo ambalo hata mgeni wa hotelini angejiuliza. Kwamba mkarafuu ulio nyuma yake unamfika kiunoni, ilhali waume wa hapa hupanda juu yake mpaka ukiwaita hawasikii. Makonyo je? Bibi akavaa tena miwani, akaitaka simu, akaitafuta picha pembe hadi pembe. Hapakuwa na lundo la makonyo popote. "Kayala," akasema. "Andika. La sita, makonyo kayala."

Kwa la saba alisita kidogo.

"Anacheka."

Nahla akatazama. Kweli, mwanamke wa picha alikuwa na tabasamu dogo, la kupendeza, la mtu anayepunga upepo. Ni yeye Nahla aliyeliomba, katika ile mara ya nane. Alidhani litawavutia wasomaji.

"Hapa anachekea nini? Kidole gumba kinawaka, mgongo unakatika, mvua inakuja. Andika, tunacheka tukipenda, si kwa ajili ya mpiga picha."

Nahla aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa herufi kubwa, akaweka jina lake chini na kubonyeza. Kisha akamgeukia Suhaib, akamwambia kwamba sasa anaweza kulirushia grupu la Chokocho, picha pamoja na maneno yake, na wakiyakata maneno atayarusha tena mwenyewe kila siku mpaka wachoke. Suhaib aliikunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni. Hakuichana.

Upande wa Mkoani mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya buluu nzito, na upepo wenye unyevu ukapita uani. Bi Mwanaasha aliinua pua. Kule nyumbani kwa marehemu kaka yake, alisema, kuna majamvi matatu ya karafuu kavu ambayo hayajaanuliwa. Akanyanyuka kwa kushika bega la Nahla bila kumwomba, akafunga kanga kiunoni. Majirani nao wakasimama. Suhaib akatafuta magunia.

Nahla akasimama pia, akaanza kuaga. Bodaboda bado inamsubiri njia panda.

"Mwambie aende," bibi akasema. Aliashiria kwa kidevu lundo la mbichi lililobaki, si dogo. "Hizi zikilala zimerundikana zinapata moto, kesho ni za kutupa. Weye umeandika habari za kuchambua karafuu. Umewahi kuchambua?"

Nahla alisema ukweli. Hajawahi, aliambiwa na watu.

"Ndo maana." Bibi alitia miguu kwenye ndara. "Malizia. Kiganja, si kucha. Makonyo weka kando, usiyale."

Akatoka kwa mlango wa bluu, majirani nyuma yake na Suhaib nyuma yao na magunia begani, wala hakugeuka kuona kama ametiiwa. Nahla alimpigia dereva akamwambia aondoke. Alipandisha mikono ya buibui mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona, akakaa pale bibi alipokuwa amekaa, akachukua kishada. Alikigandamiza. Hakikuachia. Alizungusha zaidi, karafuu mbili zikaanguka, ya tatu akaikata kichwa kwa kucha, akajilaani kimoyomoyo, akachukua kingine.

Simu ilianza kutikisika kando ya goti lake, mara moja, mara mbili, kisha mfululizo. Maskati walikuwa wamesoma, au Chokocho. Vidole vyake vilikuwa vimelowa mafuta na gumba limeanza kuwaka. Aliisukuma simu kwa kiwiko nje ya jamvi, akachukua kishada cha nne.